Kwetu Huulizwa Mara Tatu

"Kunywa kahawa, Arlys," alisema diwani Duane, mkono mmoja kwenye usukani, theluji ikipiga kioo.

"Aa, usijisumbue."

"Ipo ya kutosha."

"Kunywa wewe tu, bwana."

"Basi naimwaga!"

"Haya, tone tu." Duane akamjazia kikombe mpaka juu.

Kaskazini mwa Minnesota, Marekani, hiyo ndiyo adabu: unakataa, unakataa tena, ya tatu unapokea. Anayepokea mara ya kwanza huonekana hakulelewa.

Arlys, mpishi wa nyumba ya wazee, alikuwa ameomba siku ya mapumziko bila malipo aende na Duane kwenye bunge la jimbo. Kaunti yao ilikuwa na ombi moja: jimbo lichangie ambulensi, la sivyo itaegeshwa kabla ya baridi ijayo. Mafuta yamepanda na wanaojitolea kuiendesha wamechoka. Januari iliyopita ambulensi hiyo ndiyo iliyomkuta Orville, mume wa Arlys, kifudifudi kando ya zizi, moyo umegoma. Leo Orville yuko nyumbani, analalamikia chakula kukosa chumvi. Kila akimsikia analalamika, Arlys humshukuru Mungu.

Kwenye kamati walisubiri mpaka mchana. Alipoitwa, shukrani zilimtoka mfululizo. Aliwataja waliomwokoa mumewe mmoja mmoja, muuza matairi, mwalimu, hata mchungaji, mpaka mwenyekiti, kijana wa mjini, akamkatiza kwa upole.

"Mama, mkingoja mwaka mwingine, mtaweza?"

"Aa, tutajikaza tu."

"Asante sana. Kaunti inayofuata!"

Arlys alibaki amesimama, akingoja aulizwe tena. Nyuma yake Duane alijishika kichwa.

"Mungu wangu, Arlys! Huyu si wa kwetu, harudii!"

"Mheshimiwa, sikuwa na maana..."

"Muda wako umekwisha, mama. Kaunti ni nyingi, na fungu la fedha ni hilo hilo moja."

Aliyefuata alikuwa mkulima wa kaunti jirani, kofia mkononi, amekuja kuombea daraja ambalo basi la shule halithubutu tena kulipita. Alimtazama Arlys. Naye, mtu wa kaskazini vilevile, alikuwa ameelewa.

"Daraja letu limezoea kungoja," alisema. "Chukua muda wangu, dada."

Arlys alijua watoto wa kule wanazunguka mbali kiasi gani kila asubuhi. Machozi yakamlenga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, alipokea kabla ya kubembelezwa.

"Ahsante, kaka. Sitakusahau."

Akakisogelea kipaza sauti.

"Mheshimiwa," alisema, "hatuwezi."