Mgongo wa Zabron

Kichwa cha Zabron kilipoanza kumwanga, kijiji kizima cha Kwai kilijaa madaktari. Kila aliyepita uani kwake, hata kama alikuja kurudisha jembe tu, alikuwa na jibu. Mmoja alisema malaria, mwingine alisema meno, na mwalimu mstaafu akavua miwani yake mwenyewe akamvalisha Zabron, na Zabron akatapika juu ya viatu vya mwalimu. Ndipo kaka yake, Fanueli, mzee wa usharika na mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, akatoa hukumu: ni tarumbeta.

Zabron alikuwa mpulizaji wa bendi ya usharika, tena wa lile tarumbeta kubwa la besi, dude ambalo mtu akilivaa huonekana kama amemezwa na chatu. "Pumzi imepanda kichwani," Fanueli alisema, "imekosa pa kutokea." Watu wakaguna, wakakubali, maana huku kwetu hoja ikitolewa na mtu aliyevaa tai haina mpinzani. Tarumbeta likafungiwa ofisini kwa mchungaji, Zabron akakatazwa hata kupuliza moto jikoni, na kichwa kikaendelea kumwanga vilevile.

Raheli, mkewe, aliyasikia yote hayo huku akimenya viazi. Hakuamini hata moja. Alikuwa na jibu lake mwenyewe.

Raheli alikuwa na virusi vya UKIMWI. Alielezwa kliniki ya wajawazito alipokuwa na mimba ya Kristian, ambaye sasa ana ndevu, na hakumwambia mtu yeyote wa mlimani. Dawa alizifuata chini nyikani, Magoma, kwa sababu muuguzi wa zahanati ya karibu alikuwa anaimba naye kwaya, na Raheli aliijua kwaya yao. Ndivyo tulivyo watu wa huku, tusidanganyane. Mtu anazipita zahanati tatu zenye vidonge vilevile, anashuka mlima mzima juu ya gari la kabichi, kisha anapanda tena na kopo lake chini ya kikapu, anajiona mjanja. Raheli aliaga kwamba anakwenda kuuza mapeasi. Zabron hakuwahi kuuliza kwa nini mapeasi yauzwe Magoma wakati soko la Lushoto liko hapo puani. Yeye naye alikuwa mtu wa kushuka huko mara kwa mara, eti ana shamba la mahindi la kukodi, shamba ambalo Raheli hakuwahi kuona hata debe lake moja. Raheli aliamini kuna mwanamke. Lakini kwa kuwa naye alikuwa na lake, alijitia hamnazo.

Sasa mume alikuwa analala na kuamka na kichwa, wiki nenda wiki rudi. Shingo imekaza, mwanga wa dirishani unamchoma macho, chakula hakikai. Nimemuua, Raheli alijiambia akiwa jikoni peke yake. Nimemwambukiza, nikanyamaza, na sasa nimemuua.

Siku Zabron alipoanza kuona watu wawili wawili, akamwomba Fanueli mmoja anyamaze ili amsikie yule mwingine, ndipo wakakodi gari wakamshusha hospitali Lushoto.

Wodini aliwapokea Daktari Rahma, mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na wa maneno. Alimpima Zabron macho, akajaribu kumwinamisha shingo, shingo ikakataa. Kisha akamgeukia mama yake Zabron, Bibi Dorkasi, aliyekuwa amekaa miguuni pa kitanda kama askari wa getini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mchome sindano ya malaria turudi nyumbani, ng'ombe hawajakamuliwa."

"Malaria hana, tumeshapima. Naona dalili za homa ya uti wa mgongo. Nataka nitoe maji kidogo mgongoni nikayapime."

Bibi Dorkasi alimtazama kutoka juu hadi chini. "Anaumwa kichwa, wewe unataka mgongo."

"Maji yaliyouzunguka ubongo ndiyo hayohayo yanayoshuka mgongoni, bibi. Kichwa siwezi kukitoboa, ndiyo maana naingilia chini."

Fanueli akakohoa, akarekebisha tai. Akasema alimfahamu mtu wa Magamba aliyetolewa maji ya mgongo akafa.

"Alikuwa anaumwa nini?" daktari akauliza.

"Huohuo uti wa mgongo."

"Basi ni ugonjwa uliomuua."

"Lakini sindano ndiyo iliyokuwa ya mwisho," Fanueli alisema, na akaona ameshinda.

"Mgongo wangu asiguse mtu," Zabron naye akasema kichwa kikiwa juu ya mto wake, macho ameyafumba. Mgonjwa amekataa, mama amekataa, kanisa limekataa.

Daktari akavuta kiti akaketi. "Nisikilizeni," alisema. "Kwa mtu mzima ugonjwa huu una vyanzo vingi. Kuna bakteria, hao huja kwa kishindo, leo mzima, kesho hajitambui. Kuna virusi vya aina mbalimbali, na wengi wa hao wagonjwa hupona. Kuna kifua kikuu, kinapanda kichwani polepole. Na kuna fangasi. Huyo anakaa kwenye udongo na kwenye mavi ya njiwa, tunamvuta puani sisi sote, na kinga ya mwili humkalisha chini. Ila mtu akiwa na VVU na hatumii dawa, kinga inaporomoka, na fangasi anapanda mpaka kwenye ubongo. Naye huanza hivihivi, kichwa kisichoisha. Dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Nikibahatisha, mtamzika."

"Njiwa tutawachinja wote leo," Fanueli akasema.

"Njiwa waacheni. Nahitaji maji ya mgongo, na nahitaji kumpima VVU."

Fanueli akasimama. "Daktari, ndugu yangu ni mtu wa kanisa."

"Virusi havina habari na hilo, mzee wangu. Naomba mnipishe kidogo, nibaki na mgonjwa na mkewe."

"Nimemzaa mimi," Bibi Dorkasi akasema. "Hana kitu nisichokijua. Nakaa hapahapa. Na kama hamna sindano ya malaria, tunaondoka naye."

Fanueli tayari alikuwa anaviokota viatu vya mgonjwa chini ya kitanda. Raheli akamtazama mumewe. Jicho moja lilikuwa limegeukia puani na midomo imemkauka. Akisema, mama mkwe atamrudisha kwao kabla jua halijazama, na kwaya nzima itakuwa na wimbo mpya. Asiposema, watampandisha Zabron garini, atakufa nyumbani, na yeye atasimama kaburini kuimba sauti ya pili. 

"Mimi ninavyo," akasema.

"Una nini?" Fanueli akauliza, kiatu mkononi.

"Virusi, shemeji. Nina VVU. Miaka mingi nameza dawa, nazichukua Magoma. Kwa hiyo huyu apimwe, na huo mgongo utobolewe. Mkitaka kunifukuza mtanifukuza kesho. Leo sina nafasi."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Fanueli alikosa la kusema.  Aliyejibu ni Zabron, pale kitandani.

"Najua."

"Unajua nini?" Raheli akamwinamia.

"Nilikuona Magoma. Umekaa kwenye benchi la kliniki, umekumbatia kikapu." Akapumzika, akameza mate. "Nilikuwa nimefuata zangu."

"Zako nini?"

"Dawa zangu, mama Kristian. Zilezile. Nilipokuona, nikageuka kabla hujainua uso. Sikurudi tena."

"Lini hiyo?"

"Kabla ya mavuno ya mwaka juzi."

Raheli alihitaji muda kuyapanga hayo kichwani. Hapakuwa na shamba. Hapakuwa na mwanamke, maskini, mwanamke aliyemchukia na kumtukana moyoni akiwa anafua mashati. Palikuwa na benchi, na mwanaume mzima mwenye mapafu ya kutikisa madirisha ya kanisa, aliyeona heri aache dawa afe kuliko kukaa kwenye benchi hilo pamoja na mkewe. Na yeye Raheli je? Yeye alikuwa tayari kwenda na siri yake mpaka kaburini, ila tu kaburi lenyewe lilikuwa la mwingine. Kicheko kilimtoka, kibaya, cha puani, kisha kikageuka kilio, na hasira ikapanda juu ya vyote viwili.

"Mjinga wewe," alimwambia mumewe mbele ya mama yake, neno ambalo huko Kwai mwanamke akilisema hurudishwa kwao. "Ungeniambia tu sogea, nami ningesogea."

"Niliona haya."

"Na mimi niliona haya. Mbona sikuacha kumeza?"

 Raheli akafungua fundo la khanga kiunoni, akatoa kopo lake dogo, akamnyooshea daktari. "Nimpe hizi sasa hivi?"

"Usithubutu," Daktari Rahma akasema. "Kama ni fangasi, tunamtuliza huyo fangasi kwanza. Hizo zikiwahi zinaweza kummaliza mumeo. Ataanza tena baada ya wiki kadhaa, na atakayemwambia lini ni mimi. Sasa, Zabron, mgongo ni wako. Unasemaje?"

"Toboa," Zabron akasema.

Wakamlaza ubavu, magoti kifuani, kidevu chini, amejikunja kama mtoto. Fanueli alitoka, akisema anakwenda kuomba, na kupitia dirishani alionekana ameegemea ukuta, kiatu cha ndugu yake bado mkononi. Bibi Dorkasi akainuka naye. Raheli alidhani anaondoka, na hakuwa na nguvu ya kumzuia. Bibi akanung'unika kitu kwa Kishambaa, kirefu, kikali, hakikuwa cha sala. Kisha akaishika miguu ya mwanawe kwa mikono yote miwili.

"Shika mabega wewe," alimwambia Raheli bila kumtazama. "Asicheze."

Raheli akamkumbatia mumewe shingo na mabega, uso kwa uso, akasikia sindano ilipoingia kwa jinsi Zabron alivyojikaza. Maji yakaja kwa kasi, na daktari akatikisa kichwa, akisema hiyo ni presha kubwa, kichwa kingemwachaje, na kwamba kesho atatoa tena, na keshokutwa, na bado hawezi kuahidi kitu. Zabron akashusha pumzi ndefu. "Kichwa kinapungua kuuma," akasema.

"Ukinifia sasa, Zabron," Raheli alimwambia sikioni, "nitakuua."

Mkono wa Zabron ulipapasa shukani mpaka ukaushika wa mkewe. Bibi Dorkasi alipoona hivyo akageuzia uso ukutani, na miguu hakuiachia.