Muchiri wa Ayalandi

Wiki mbili baada ya mazishi ya mama yake, Nyokabi alikifunga kile kitabu kwa gazeti akakipeleka sokoni mjini Eldoret. Alitaka kukirudisha kwa mwuzaji wa vitabu vya mitumba, apewe kingine, chochote. Alikuwa amechoka kukiona mezani, jalada limebanduka nusu, na juu yake picha ya mwanamke wa nywele nyekundu akikimbia mlimani.

Jioni zote za ugonjwa alimsomea mama yake kitabu hicho, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili mstari kwa mstari. Ilikuwa hadithi ya mapenzi ya zamani ya Ayalandi: kijana maskini, binti wa mwenye shamba, viazi vinaoza ardhini, askari wanachoma nyumba za watu. Jina la kijana lilimshinda mama kutamka, akamwita Muchiri. Kisha Muchiri akafia ndani ya nyumba iliyochomwa, na hapo Nyokabi akashindwa kusoma. Baba yake mwenyewe hakutoka hai Burnt Forest mwaka ule wa fujo za uchaguzi, nyumba zilipochomwa. Basi akasema Muchiri alipenya dirishani. Tangu siku hiyo ikabidi atunge mwenyewe, macho yakiwa kitabuni.

Wiki ya mwisho mama alimuuliza, "Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa, Mama."

Jibu hilo lilimchosha kuliko mazishi.

Kufika kwa mwuzaji vitabu lazima upite kwa wauzaji viazi. Mama Ciru, aliyeuza bega kwa bega na marehemu miaka kumi, alimwona.

"Wee Nyokabi, unatupita bila salamu kama askari wa kanjo anayedai ushuru? Na hiyo umefunga ni nyama?"

"Ni kitabu cha mama. Nakirudisha."

"Kile cha Muchiri? Kila Jumapili tukija kumwona mgonjwa, ni hicho tu anatusimulia."

Nyokabi alisimama. "Mama Ciru, Muchiri alikufa. Aliungua ndani ya nyumba. Nilimdanganya mama."

Mama Ciru aliendelea kuchagua viazi, vilivyooza upande, vizima kwenye debe. "Hiyo tunajua."

"Mnajua?"

"Mama yako alituambia. Alisema ulinyamaza, ukameza mate, halafu ukaanza kusoma mbio. Saa nzima unasoma, na hufungui ukurasa. Tulicheka sisi."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie ndio uache? Alisema Muchiri wa kitabu ameshakufa, wako bado anatembea. Sisi alikuwa anatusimulia huyo wako."

Watu walimpita na mizigo yao, mmoja akamkanyaga, akaomba msamaha.

"Tuliachia Muchiri akipanda meli," Mama Ciru akasema. "Alishuka wapi?"

"Sijui. Mama aliaga dunia kabla sijafika hapo."

"Basi keti."

Akamsukumia gunia kwa mguu. Nyokabi aliketi, kitabu mapajani kikiwa bado kimefungwa.

"Alishuka asubuhi," akasema. "Kulikuwa na mvua. Hakuna mtu alikuja kumpokea."