Alfajiri ya Saa Nne

Kitu cha kwanza Ndunge alichokiona ni mwanga chini ya mlango wa chumba cha kaka yake, Kyule. Kila siku saa nne asubuhi ulianza buluu, ukazidi polepole kana kwamba kunakucha, na Kyule yuko zake sokoni Kibwezi akitengeneza simu. Tena alikuwa akiagiza maji ya bahari kutoka Mombasa, madumu kwa madumu. Kisha kanisani ikasomwa karatasi ya maombi isiyo na jina: Kyule anafuga jini. Tangu hapo wateja walimkimbia.

Leo Ndunge aliingia na chupa ya mafuta ya upako. Alikuta tangi la kioo, samaki wawili, na mawe yaliyoota vidole laini vinavyopunga. Alipoinua chupa, Kyule, aliyerudi mapema kwa kukosa wateja, akatokea mlangoni.

“We Ndunge, utaniulia matumbawe! Hawa ni wanyama, wanataka jua linalochomoza taratibu. Taa nimeziunda mwenyewe, na hiki kidude ndicho kinaziwasha saa nne, ili nikirudi jioni niwakute bado hawajalala.”

“Na jini?”

“Jini gani anayetumia tokeni za stima?” Kyule akacheka, kisha akaacha. “Ningemjua tu aliyeandika ile karatasi.”

Ndunge akafunga chupa.

“Kaka, niliiandika mimi.”