Kufuli la Karasha

Dumu moja la dizeli, mifuko minane ya mawe. Ndivyo alivyosema Mzee Majaliwa, mwenye injini: dumu likiisha kabla ya mawe, injini inaondoka Masasi leo hii, ikasage unga Newala. Na fundi wa Newala alikuwa keshafika, spana mapajani! Sikudhani, mama Shamila, aliyeendesha karasha, alipomwona aligeuka kupima mafuta dumuni. Karasha ile, pipa la chuma linalosaga mawe ya dhahabu kwa gololi, ndiyo iliyowalisha wanawe tangu baba yao afariki.

Mifuko mitatu ilikwisha sagwa, wa nne upo pipani, na dumu limebaki chini ya nusu. Hapo utafika wapi?

Sikudhani akazima injini.

"Mama Shamila, una wazimu?" Nurdini aliruka. Mawe yalikuwa yake, na ufunguo wa kufuli la pipa ulining'inia shingoni mwake. Pale machimboni pipa halifunguliwi mpaka mawe yote yawe unga. Anayelifungua katikati ni mwizi, basi.

"Nifungulie, kaka. Nusu ya humo ni unga tayari. Tunachoma mafuta kusaga unga!"

"Ili udokoe?"

Hasira zikampanda. "Mkeo akitwanga muhogo, si huchekecha, akarudisha chenga tu kinuni? Nyie wanaume mnakula ugali miaka yote, hamjauliza umetokaje! Simama hapa, unikague mikono."

Nurdini akamtazama Mzee Majaliwa. Mzee akatazama dumu.

"Mfungulie," alisema.

Sikudhani akajifunga kanga puani, akachekecha, Nurdini kamkodolea macho vidoleni. Unga ukaingia mfukoni, chenga zikarudi pipani na mawe mapya. Mfuko wa tano ukaisha upesi. Wa sita, wa saba. Kila mara kuzima, kufungua, kuchekecha, kuwasha. Fundi wa Newala akaanza kupanga spana zake, tayari kuing'oa injini.

Kwenye wa nane injini ikakohoa. Sikudhani alilikung'uta dumu, halikutoa hata tone. Ewe Mola wangu, si sasa! Injini ikazimika.

Nurdini alifungua pipa, wakachekecha. Chenga zilizobaki hazikujaa kikombe.

"Bado kuna mawe," fundi alisema, akainuka.

"Mawe gani?" Nurdini alimkatiza. "Mawe yamekwisha. Hizi chenga natwanga mwenyewe."

Akavua ufunguo shingoni, akamkabidhi Sikudhani, akaenda kuazima kinu.