Chumvi ya Mzee Gathogo

Katika hoteli ya Mzee Gathogo pale Majengo, Thika, hakuna mfanyakazi aliyewahi kuacha kazi kwa kuaga. Walikuwa wakipotea tu. Kisilu, mpishi wa zamani, alitumwa dukani asubuhi moja kuleta chumvi, akanyoosha mpaka Mombasa. Tangu siku hiyo, kila mteja alipolalamika kwamba mchuzi ni chapwa, Mzee alikuwa na jibu lake: "Ngoja kidogo, chumvi yangu iko njiani." Watu walicheka na Mzee akacheka nao. Lakini Mwanzia, mpishi aliyeshika nafasi ya Kisilu, alikuwa karibu vya kutosha kuona kwamba jambo lile bado lilimuuma.

Ndiyo maana mwaka huo wa hamsini na tisa, Mwanzia alipopata chumba cha kufungulia hoteli yake mwenyewe karibu na stesheni ya Ruiru, furaha na woga vilimwingia pamoja. Mzee alimpokea alipotoka Machakos akiwa hajui hata kuwasha makaa. Tena ni Mzee aliyemruhusu kutoka mapema kila jioni, aende kanisani kufundishwa kusoma na Mwalimu Bedan. Kuondoka, alitaka kuondoka. Ila alitaka aondoke na baraka za mtu huyu, asije akawa Kisilu wa pili.

"Si umwambie tu?" mkewe, Ndinda, alimuuliza.

"Nimejaribu. Nikimwangalia usoni najikuta namwambia maziwa yamekwisha."

Mwalimu Bedan ndiye aliyemshauri aandike barua, kama wanavyofanya watu wa ofisini: atoe shukrani, ataje siku ya kuondoka, asimlaumu mtu. Mzee hakujua kusoma. Barua zake zote alisomewa na Mwalimu, Jumamosi akija kunywa chai. Basi wakapanga kwamba Mwalimu ataisoma taratibu, kwa sauti ya kanisani, na Mwanzia wakati huo atakuwa ameenda kununua makaa. Mpango ulimpendeza Mwanzia mno, hasa hapo kwenye makaa.

Jumamosi ikafika. Hoteli ilijaa watu wa viwandani waliotoka zamu. Mzee akaichukua bahasha iliyokuwa kwenye kaunta, Mwalimu akanyoosha mkono aipokee, Mzee akaurudisha wake.

"Leo wewe kunywa chai tu, Mwalimu. Siku hizi mimi niko na msomaji wangu. Mwanzia, weka hiyo gunia chini, kuja hapa."

Mzee alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu, na alitaka hoteli nzima ione. Mwanzia alimtazama Mwalimu, naye Mwalimu akainamia kikombe chake kana kwamba mna kitu kimezama humo. Angeweza kudanganya. Angesema ni barua ya kanisa inayoomba mchango wa mabati, na nani angembishia? Lakini huko kungekuwa kwenda kuleta chumvi kwa njia nyingine. Akaifungua.

"'Kwa Tajiri wangu mpendwa,'" akasoma. "'Baada ya salamu nyingi, mimi sijambo, sijui wewe.'"

"Hata mimi sijambo," Mzee akaijibu barua.

"'Nakuarifu kwamba nitaacha kazi mwisho wa mwezi huu. Hakuna mtu amenikosea. Ulinipokea nikiwa sijui kitu, ukanifundisha kazi, na ukanivumilia siku ile niliyounguza maharagwe yote.'"

Mzee akawageukia wateja. "Mnasikia mtu wa heshima? Hii barua imepotea njia, lakini huyo tajiri wake ana bahati. Mimi wangu wanaenda kuleta chumvi." Hoteli ikaangua kicheko. "Endelea, kijana."

"'Popote nitakapokuwa, nitasema nina baba Thika. Naomba uniache niende kwa amani, na unibariki. Ni mimi, mtumishi wako.'" Jina lililofuata hakulisoma.

"Mtumishi wake nani?"

"Ni mimi, Mzee. Mimi Mwanzia."

Mzee aliichukua ile karatasi, akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Hii maneno yote ni yako?"

"Mwalimu alinisaidia salamu. Yale ya maharagwe ni yangu."

Mzee akamrudishia. "Soma tena. Hapo inasema baba."

Mwanzia akasoma tena, na safari hii akafika mpaka kwenye jina lake. Mzee akavua kofia, akajipangusa macho nayo, akaulaumu moshi, na wakati huo jiko lilikuwa limezimika kwa kukosa makaa.

"Sasa shika kalamu, uandike majibu yangu," akasema. "Mwanzia, barua imefika. Nimekubali. Enda mzuri. Andika pia, yale maharagwe nilikuwa nimesahau, ni wewe umenikumbusha."

Mwanzia akaketi mbele ya wateja wote akajiandikia ruhusa yake mwenyewe, huku akicheka na kufuta pua. Mzee akabonyeza kidole gumba chenye wino chini ya maandishi hayo.

Asubuhi ya mwisho, Ndinda alikuwa nje akilinda mizigo. Mzee aliingia jikoni akakuta sufuria zimesuguliwa, aproni imetundikwa, na Mwanzia hayupo. Akatoka, akaketi nyuma ya kaunta, wala hakumuuliza Ndinda kitu.

Mwanzia akaingia kutoka barabarani akihema kidogo, akaweka pakiti mbele yake.

"Mzee, ile chumvi imefika."

Mzee Gathogo alicheka mpaka akajishika mbavu, akalia kidogo hapo hapo katikati ya kicheko, na safari hii hakuutaja moshi. Kisha akaipasua pakiti, akaigawa chumvi mafungu mawili, fungu moja akalifunga ndani ya leso yake. Akamshika Mwanzia mikono, akaitemea mate kidogo viganjani kama wazee wanavyobariki, akamkabidhi lile fungu.

"Hii ya Ruiru," akasema. "Hoteli haiwezi kufunguliwa bila chumvi."

Mizigo mingine yote ilipakiwa nyuma ya gari moshi. Leso ile Mwanzia aliishika mkononi mpaka Ruiru.