Meza ya Kornelio

Gogo la nne lilipasuka Jumanne, kabla hata ya saa nne asubuhi, mikononi mwa Kornelio. Aliweka patasi mezani, akapangusa mikono kwenye suruali, akaingia ndani kujilaza na kutazama ukuta. Filomena alikuwa upande wa pili wa baraza akisuka ukili wa mkoba. Aliusikia ule mlio mkavu wa mpingo unaoachana na akajua. Mke wa mchongaji haulizi. Alivuta ukindu mwingine, akaendelea kusuka kama mtu asiyesikia kitu.

Walihama Newala kuja Dar es Salaam mwezi wa pili, na tuseme ukweli, aliyeng'ang'ania wahame ni yeye Filomena. Kornelio hakuwa na ugomvi na Newala. Alichonga vizuri, na kila miezi kadhaa alikuja mchuuzi mmoja na gari, akabeba vinyago na kulipa alivyotaka yeye. Filomena ndiye aliyekuwa akinuna. Binti yao Monica alipokwenda shule ya bweni Masasi na nyumba ikabaki ya watu wawili, alimwambia mumewe, "Baba Monica, watu wanaonunua kazi zetu wako Dar. Sisi tunangoja nini huku?" Alisema asubuhi, akasema jioni, mpaka mwanamume akachoka akakubali. Mjomba wake Kornelio, yuleyule aliyemfundisha kuchonga, akawapa magogo matano ya mpingo aliyoyakausha miaka mingi. Waliyafunga kwenye magunia wakayapakia kwenye basi.

Walipanga vyumba viwili na baraza Kimara, kwa Bi Hamisa, mama wa pwani mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Mji ukampokea Filomena kwa mikono miwili. Haukupita mwezi, dada mmoja wa Mikocheni aitwaye Jesca akaiona mikoba yake, akaanza kuichukua na kuiuza, na kila wiki alipiga simu kuulizia mingine. Ungedhani Filomena alikuwa akiruka kwa furaha. Wapi. Kila mkoba uliotoka ulimfanya ajione mwizi, maana mchele wa nyumba hiyo ulinunuliwa na mikoba, na magogo ya mumewe yalikuwa yakipasuka moja baada ya jingine.

Kornelio alilaumu kelele. Ng'ambo ya uchochoro kulikuwa na wachomelea vyuma, jirani kulikuwa na saluni ya kinyozi Twaha iliyopiga singeli tangu asubuhi, na kule chini magari ya Morogoro Road hayakunyamaza.

"Mti siusikii," alisema. "Nyumbani ulikuwa unaniambia kabla haujapasuka. Huku hauniambii kitu."

Filomena aliamini. Alikwenda mwenyewe kwa Twaha akamwomba apunguze muziki, na Twaha, mtoto wa watu mwenye adabu, akapunguza siku mbili nzima. Gogo la tatu lilipasuka ndani ya siku hizo mbili za ukimya. Hapo ndipo Filomena angetakiwa kujiuliza swali, lakini hakujiuliza.

Sasa hili la nne. Jioni ile walikula ugali na kisamvu. Kornelio alinawa mikono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Limebaki moja. Likipasuka na hilo, mimi narudi Newala. Wewe baki. Kazi yako inakwenda."

"Nibaki na nani?"

"Mama Monica, mimi sikulaumu. Lakini siwezi kukaa hapa nikila mikoba yako na huku nyundo imelala. Mwanamume gani huyo?"

Laiti angefoka. Filomena alizijua hasira za mumewe, huwaka na kuisha. Huu ulikuwa upole wa mtu aliyekwishaamua, na ulimtisha. Alikusanya vyombo akaenda kuviosha uani, na alivisugua kuliko uchafu ulivyohitaji.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, mpaka ile wiki yao ya kwanza Kimara.

Wiki ile walikuwa hawana hata kiti. Wakafanya kama walivyozoea: walitandika mkeka barazani, wakakaa chini wote wawili, miguu peku. Kornelio alibana gogo kwa nyayo zake mbili, akainama juu yake na tezo, kimya, maana huwa haongei akichonga. Filomena, kanga kichwani, alikaa pembeni na ukili wake. Majirani wakapita wakatazama: wageni, mkeka nje, mwanamume ameinamisha kichwa, mwanamke amejitanda. Siku ya tatu wakaja akina mama watatu na nyuso za huzuni, mmoja wao, Bi Farida, amebeba sukari kilo moja.

"Poleni jamani," alisema Bi Farida. "Ndiyo kazi ya Mungu. Nani ametutoka?"

Kornelio aliinua kichwa, tezo mkononi. Bi Hamisa, aliyekuwa mlangoni kwake, alicheka mpaka akashika nguzo. "Hakuna maiti hapa, huyu anachonga! Lakini baba, mjini hapa ukikaa chini na uso huo, watu watakuchangia sanda." Akina mama wakacheka. Filomena naye akacheka, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu.

Kesho yake Kornelio alitoka asubuhi, akarudi na meza ya mbao begani na viatu vyeusi vya kamba miguuni. Tangu siku hiyo alichonga kwa kusimama, gogo amelifunga mezani kwa mipira ya baiskeli, kama fundi wa mjini. Filomena aliiona meza ni nzuri. Alimsifia.

Tuendelee. Alhamisi, siku mbili baada ya gogo la nne, Jesca alifika na simu yake kubwa. Alitaka klipu fupi ya Filomena akisuka, aiweke mtandaoni, wateja waone mikono yenyewe.

"Ila tupendeze kidogo, sista," alisema. "Kaa kwenye kiti. Huna viatu vizuri?"

Filomena alivaa viatu vyake vya kanisani, akakaa kwenye kiti magoti pamoja, akaanza kusuka. Ukili ukaenda kombo. Aliufumua akaanza upya. Ukalegea, mara ukindu mmoja ukachomoka, mara kingo zikapinda. Jasho likaanza kumtoka kipajini. Alikuwa na umri wa miaka saba alipofundishwa kusuka na bibi yake, na hajawahi kutoa kitu kibovu kama kile.

"Leo mikono imekuwaje?" aliuliza Jesca.

"Sijui, dada. Labda naona haya."

Lakini haikuwa haya. Kuna kitu alikuwa akikitafuta na hakipati, na ilimchukua muda kujua kuwa anakitafuta kwa mguu. Kidole gumba chake cha mguu wa kulia kilikuwa kikihangaika ndani ya kiatu. Siku zote ncha ya ukili hubanwa na kidole hicho. Kidole ndicho kinachovuta, ndicho kinachopima, na mikono hufuata. Hakuwahi kukifikiria hata siku moja, kama mtu asivyofikiria anavyomeza.

Alivua viatu. Akateremka chini, akabana ncha kwa kidole, na ukili ukakaza palepale, ukanyooka. Jesca alisema enhee, hiyo hiyo, akaanza kurekodi mpaka nyayo zenyewe. Filomena hakumsikiliza tena. Alikuwa amegeuza macho kule mwisho wa baraza. Kornelio alikuwa amesimama mbele ya meza, kamba za viatu zimefungwa barabara, analizungusha gogo la tano na kuliogopa.

Akaelewa. Si kelele. Wala si mji. Ni viatu, na ni ile meza, na ni kile kicheko.

Kujua ni jambo moja na kumwambia ni jingine. Mwanamume aliyeletewa sukari ya msiba wake mwenyewe huwezi kumfuata ukamwambia avue viatu. Filomena alilifikiria jambo hilo siku nzima, na Ijumaa asubuhi, Kornelio alipokuwa bado anaoga, alitenda. Viatu vyeusi alivitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ndala za mumewe alizivaa yeye. Juu ya meza alimwaga ukindu uliotoka kuchemshwa kwenye rangi nyekundu, unachuruzika, ukaijaza meza yote. Halafu akatandika mkeka pale pale pa siku ya kwanza, akaweka gogo katikati, tezo na patasi pembeni.

Kornelio alitoka, akasimama na taulo begani. Alitazama ndoo, akatazama meza, akatazama miguu ya mkewe.

"Mama Monica, unanifanya nini?"

"Nakuomba msamaha."

"Kwa kuloweka viatu?"

"Kwa kucheka. Siku ile ya sukari nilicheka, na wewe ulikuwa umeumia. Nilikuona na bado nikacheka." Alikuwa amepanga kuyasema taratibu lakini yalimtoka yote kwa pamoja. "Jana Jesca kanivalisha viatu nikasuka takataka. Mimi. Nimevua, mkono ukarudi. Baba Monica, wewe hukuwa unausikia mti kwa masikio. Ulikuwa unausikia kwa nyayo. Miezi minne umezifungia kwenye viatu."

Kornelio alishusha taulo begani. Alijitazama miguu yake, ambayo ilikuwa imeanza kuwa laini na kupauka kama isiyoona jua.

"Watakuja tena na sukari," alisema mwishowe.

"Wakija tutakunywa chai."

Alikaa. Hakukaa kwa furaha, alikaa kama mtu aliyelazimishwa na daktari. Alilibana gogo kwa nyayo, akashika tezo, akapiga mara moja. Kwa Twaha singeli ilikuwa juu kabisa, na ng'ambo wachomelea vyuma walikuwa wakigonga geti la mtu. Akapiga ya pili. Ya tatu hakuipiga. Aliacha tezo hewani, akageuza gogo kidogo, akakandamiza unyayo wa kushoto kama anayesikiliza kitu mlangoni.

"Hapa kuna ufa," alisema. "Uko ndani, unapita hivi." Alichora kwa kucha. "Lile la nne nalo lilikuwa na kama huu. Nilipiga juu yake kabisa."

Akazunguka ule ufa. Filomena aligeukia ukutani akajifanya anatafuta sindano, maana machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka yaonekane kabla ya wakati. Alikuwa amebeba mzigo wa kuhama ule miezi minne peke yake, na ghafla mabega yakawa mepesi.

Bi Hamisa alitoka na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akamkuta mpangaji wake chini. Alitazama meza iliyojaa ukindu, akamtazama Filomena na macho yake mekundu, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulichelewa.

"Kumbe ni mie niliyekuinua mkekani?" aliuliza. "Baba Monica, mie nilikuwa nakutania tu. Mdomo wangu huu hata marehemu mume wangu aliulalamikia. Kaa chini, baba. Lala kabisa ukitaka."

"Hakuna neno, Bi Hamisa," alisema Kornelio. "Shikamoo."

"Marahaba."

Kazi ile ilichukua siku kumi na moja. Kilitoka kinyago cha mwanamke aliyepiga magoti, mashavu yamejaa, anapuliza moto, na ule ufa Kornelio aliufanya kuwa mkunjo wa kanga yake mgongoni. Viatu vyeusi vilikauka siku ya pili, vikarudi chini ya kitanda kungoja Jumapili. Siku ya kumi na moja Kornelio alikuwa akipitisha msasa kwenye mashavu, na Filomena pembeni anashona mkoba, alipochukua simu akampigia mjomba wake.

"Shikamoo mjomba. Nilikuwa naomba magogo mengine." Akasikiliza. "Matatu yatatosha kwanza." Akasikiliza tena. "Hapana, mjomba. Sirudi. Tupo huku."

Akaweka simu chini, akaendelea na msasa kama mtu aliyeagiza chumvi. Sindano ya Filomena ilikuwa imesimama katikati ya ukili. Alisema moyoni asante Mungu, halafu akasema tena, na bado aliona haijatosha.

Wakati huohuo alipita mzee Mashaka, aliyehamia nyumba ya pili juzi tu. Aliuona mkeka, akamwona mwanamume ameinama kimya na mwanamke mwenye machozi shavuni. Alisimama, akavua kofia yake, akasogea kwa adabu.

"Poleni sana wanangu," alisema. "Ni nani ametutoka?"

Bi Hamisa alikuwa mlangoni kwake. Alifungua mdomo, kisha akaufunga, akamwachia mwenyewe.

Kornelio hakuinua kichwa. Alipuliza vumbi la mpingo kwenye shavu la yule mwanamke.

"Meza, mzee," alisema. "Tumeshazika."

Filomena alisubiri kwanza. Alitazama mabega ya mumewe, akayaona yanaanza kutikisika, ndipo naye akacheka.