Mteuzi Akagua Nyumba ya Wazee

Mwaka ule wa tisini na sita Songea ilijaa watu waliofungua vitu. Aliyestaafu ualimu alifungua chekechea, aliyestaafu jeshi alifungua kampuni ya ulinzi, na asiyekuwa na la kustaafu alifungua duka la dawa. Ruksa ya biashara binafsi ilikuwa imetolewa na watu waliitumia mpaka ikachoka. Kwa hiyo Bibi Evaline, muuguzi mstaafu, alipochukua nyumba ya wageni iliyokosa wageni kule Ruhuwiko akaigeuza kuwa nyumba ya kutunzia wazee, hakuna aliyeshangaa sana. Walichoshangaa ni kwamba alitaka wazee wenye watoto. Wazee wasio na mtu walikuwa na mahali pao, kwa serikali au kwa masista. Lakini mzee mwenye watoto wazima, wenye nyumba za bati, kwenda kulelewa na watu baki? Jambo hilo watu walilisema vibaya kwa sauti ya chini baada ya misa, na wakiagana mmoja anabaki nyuma kuuliza njia ya kwenda huko Ruhuwiko.

Tadei aliuliza njia mbele za watu, kwa sababu alijiona hafanyi jambo la aibu. Alikuwa anakwenda kukagua, na kukagua ilikuwa kazi yake. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa mteuzi wa tumbaku, yule mtu anayesimama mbele ya robota la mkulima, akachomoa jani, akalinusa, akalivuta kidogo kwa vidole, kisha akatamka daraja, na kwa neno hilo moja mkulima akajua kama mwaka huu ataezeka bati au atarudia nyasi. Kwanza aliteua kwa niaba ya ushirika. Makampuni ya watu binafsi yalipoingia yakamchukua yeye pamoja na mizani. Wakulima wa Namtumbo walimwogopa. Wapo waliokuwa wakificha majani mabovu katikati ya robota, na mkono wa Tadei ulikuwa unajua kwenda katikati moja kwa moja. Sifa hiyo ilimwingia kichwani. Aliteua nyama buchani, aliteua wachumba wa binti zake, na Jumapili akitoka kanisani aliteua mahubiri.

Kitu kimoja tu kilimshinda kukipa daraja, nacho ni hali ya mama yake mzazi.

Mama Walburga alikuwa na miaka kama sabini na tano na miguu yenye nguvu kuliko ya mwanawe. Kilichomtoka ni miaka. Ilianza kumtoka ya karibuni, ikafuata iliyo nyuma yake, mpaka akawa haijui nyumba ya Mjimwema anayoishi, lakini anajua kila tuta la shamba aliloliacha zamani. Mara mbili alitoka na jembe begani kulitafuta shamba hilo kwenye barabara ya Namtumbo. Mara ya pili lori lilifunga breki hatua mbili kutoka mgongoni kwake. Baada ya hapo Frida, mke wa Tadei, ambaye alikuwa mwalimu na hakuwa na mtu wa kumwachia, akaanza kumfungia ndani kwa kufuli saa za vipindi. Siku moja alirudi akamkuta bibi ameketi nyuma ya mlango, vidole vinavuja damu kwa kugonga. Frida akakaa sakafuni palepale, akalia.

Jioni alimwambia mumewe, "Baba Rosemary, mimi simfungii tena mtu mzima kufuli. Sema wewe tufanyeje."

Ndugu wakaitwa. Kaka mkubwa, Pankrasi, alikuja kutoka Mbinga, akakaa kwenye kiti kilicho bora, akatamka kwamba mama yao hapelekwi popote maadamu yeye Pankrasi anapumua. Frida akamuuliza kwa adabu kama basi shemeji angekaa na mama japo mwezi mmoja. Pankrasi alifikiri, akakumbuka kwamba nyumba yake inafanyiwa ukarabati. Alikula, akaaga, akasisitiza tena mlangoni kwamba mama hapelekwi popote, na basi la Mbinga likamchukua yeye na msimamo wake.

Alhamisi iliyofuata Tadei alimpakia mama yake kwenye pikapu ya kampuni. Hakutaka kumpeleka kabla ya kupakagua, lakini nyumbani hapakuwa na wa kukaa naye, kwa hiyo alimwambia wanakwenda kutembea. Mama Walburga alivaa kitenge cha kanisani, akatoka chumbani na furushi kifuani. Tadei hakuuliza lina nini. Siku hizo mama alikuwa akifunga mafurushi kila kukicha.

Bibi Evaline aliwapokea barazani na karatasi iliyopigwa chapa: mazingira tulivu, chakula bora, huduma ya kisasa kwa wazee waliopungukiwa na kumbukumbu. Hicho cha mwisho alikuwa amekisomea kwenye semina ya siku tano Dar es Salaam. Alimwamkia Mama Walburga shikamoo kwa kupiga goti, jambo ambalo Tadei aliliona na kulihesabu.

Kisha Tadei akaanza kazi yake. Vyumba vilivyo mbele hakuvitazama. Alikwenda moja kwa moja chooni, akanusa. Akaenda jikoni, akafunua sufuria: maharage, mboga ya majani, mafuta ya kutosha. Aliinua magodoro akaangalia chini, akachomoa blanketi katikati ya rundo akalisugua kwa vidole. Kila mahali alitafuta pale ambapo watu huficha majani mabovu, na kila mahali alikuta jani zuri. Jambo hilo lilimkera kidogo, maana amezoea kukuta kitu. Alichokuta ni vibao vya zamani tu, ambavyo Bibi Evaline hakuwa ameving'oa. Kila mlango wa mzee uliandikwa kwa rangi nyekundu: WAGENI WOTE WAWE WAMETOKA KABLA YA SAA NNE ASUBUHI.

"Tutavibandua," alisema Bibi Evaline. "Wenyewe hawavisomi."

Darasa la kumbukumbu lilikuwa sebuleni, ambako zamani kulikuwa na kaunta ya bia. Ubaoni paliandikwa siku, tarehe na hali ya hewa, na wazee tisa walikuwa wakisomeshwa na binti mmoja aliyevaa koti jeupe.

"Leo ni siku gani, mzee Chande?" aliuliza binti.

"Alhamisi," alijibu mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma.

"Hapana, babu. Angalia ubaoni. Jumanne."

"Jumanne ndiyo uliyoandika. Leo Alhamisi, mjukuu wangu, kesho nakwenda msikitini, inshallah. Ila kama utanipa uji, iwe Jumanne."

Tadei alicheka, halafu akatoa daftari lake dogo la kazini na kuandika: daraja la kwanza. Alijisikia vizuri. Alikuwa ametenda haki. Kama Pankrasi angeuliza, angemfungulia daftari.

Aliporudi barazani akakuta mkaguzi mwingine yuko kazini.

Mama Walburga alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele ya meza ya Bibi Evaline, furushi mapajani, mgongo umenyooka, akiuliza maswali. Tena hakuwa anauliza kama mgonjwa.

"Usiku analala nani karibu yao, sista?"

"Mimi mwenyewe, mama. Chumba cha katikati."

"Akiota ndoto mbaya, anaamka nani?"

Bibi Evaline alisita. "Naamka mimi."

"Anayekojoa kitandani anachapwa?"

"Hachapwi mtu hapa."

"Anachekwa?"

Swali hilo halikuwamo kwenye semina ya siku tano. Bibi Evaline akasema kweli kwamba wakati mwingine mabinti hucheka, na yeye huwakemea.

"Uwakemee mbele yake, asikie," alisema Mama Walburga. "Anakula polepole. Msimnyang'anye sahani. Na samaki mwenye miiba asipewe, huyu alishakwamwa na mwiba siku ya Noeli tukadhani anakufa."

Kichwani mwa Tadei daftari lilifungwa. Aliyekwamwa na mwiba siku ya Noeli alikuwa yeye.

Mama Walburga akafungua furushi mezani. Ndani yake mlikuwa na mashati mawili ya Tadei, kipande cha sabuni na kikombe cha bati. "Nguo zake ndizo hizi," alisema. "Ni chache, lakini nimezifua."

Hapo Tadei alielewa. Mwaka hamsini na sita, akiwa na miaka kumi na moja, mama yake alimpeleka kwa miguu kwenye shule ya bweni ya misheni. Safari ile ndiyo waliyokuwa wakiifanya leo kwa pikapu ya kampuni. Yeye alikuja kuitazama nyumba kwa ajili ya mama, na mama alikuwa amekuja kuitazama kwa ajili ya mtoto wake. Na kama ukaguzi ungeteuliwa, wa mama ulikuwa bora. Yeye katika kukagua kwake kote hakuuliza nani anaamka usiku. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio.

Bibi Evaline, ambaye ameona mengi, hakubishana na mgonjwa. Alimvuta Tadei pembeni, karibu na pipa la maji ya mvua.

"Baba, ukiamua, leo hii anabaki," alisema kwa sauti ndogo. "Tuna utaratibu wetu. Saa tano tunawapa uji. Akishashika kikombe, wewe unakwenda getini kama unayeangalia gari. Usiage. Ukiaga ndiyo fujo zinaanza. Baada ya siku tatu hatakumbuka kama kuna mtu alikuja naye."

Tadei akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, alikubali, na tena alifarijika. Mtu aliyetia mkono katikati ya marobota ya wenzake miaka ishirini na mbili alifurahi kusikia kwamba kwa upande wake upo utaratibu wa kutokea kimyakimya. Aliuita utaalamu.

Lakini masikio ya Mama Walburga yalikuwa mazima, na maneno yale aliyasikia kama anaambiwa yeye.

"Sista," alisema akisimama, "hata misheni waliniambia hivyohivyo, nimtoroke akinywa uji. Mimi mwanangu simtoroki. Nikimwacha namwambia usoni kwamba nimemwacha. Akilia, alie nikiwa nipo."

Akamshika Tadei mkono, akamkalisha kwenye benchi la barazani. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kitambi, na funguo za gari mkononi, na alikaa. Mama akamfunga kifungo cha juu cha shati.

"Tadei, baba. Nakuacha hapa. Hakuna aliyekuchoka nyumbani. Ila kule sina cha kukufanyia tena, na hawa wanacho. Leo utalia, kesho utalia, keshokutwa utapata wa kucheza naye. Mimi nitakuja Jumapili. Nisipokuja, ujue mto umejaa. Siyo kwamba nimekusahau."

Maneno yalikuwa yaleyale ya mwaka hamsini na sita, hata la mto. Na alikuja kweli, kila Jumapili, miaka minne, akiwa na mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa. Mara mbili tu hakuja, na mara zote mbili mto ulikuwa umejaa.

Mama Walburga hakungoja. Alikung'uta kitenge, akashuka ngazi, akaelekea getini kwa hatua za mtu mwenye safari ndefu mbele yake. Nyuma, Bibi Evaline alikuwa ameshatuma binti wa koti jeupe alete kikombe cha uji haraka, amuwahi. Tadei aliona jinsi mambo yatakavyokwenda: mama atapewa kikombe, atageuka, na yeye atapita kando yake hadi kwenye pikapu. Au atamrudisha Mjimwema, na kesho asubuhi Frida atasimama na kufuli mkononi. Aliondoka mbio, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka mingi, akamwahi mama yake kabla uji haujamfikia.

"Mama, simama kidogo."

Akasimama.

"Siyo mimi ninayebaki," alisema Tadei. "Ni wewe. Mimi ndiye ninayekuacha."

Binti wa uji alisimama njiani. Bibi Evaline alishika kichwa. Mama Walburga alimtazama mwanawe muda mrefu, kwanza usoni, halafu mvi zake, kisha akarudi usoni.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Wewe unarudi nyumbani?"

"Narudi."

"Unalala nyumbani leo?"

"Nyumbani, mama."

Pumzi ikamtoka yote, na mabega yakashuka. "Afadhali," alisema. "Nilikuwa najiuliza leo nitapataje usingizi, wewe uko huku."

Tadei alikuwa amejiandaa kwa fujo. Kwa neno hilo hakuwa amejiandaa hata kidogo. Mama yake alimpita, akapanda ngazi mwenyewe bila kushikwa, akaketi kwenye lile benchi na kupokea kikombe. Hakunywa. Aliangalia mbele.

"Nenda basi, baba," alisema. "Ukiendelea kusimama hapo nitalia."

Tadei hakwenda. Alirudi akaketi kando yake, akaweka funguo chini, na Mama Walburga akalia, naye akalia, mbele ya wazee tisa waliokuwa wametoka nje na vikombe vyao.